Someni mkataba wa 1890 mpaka kifungu cha sita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Iringa, ambaye barua yake kuhusu mpaka wetu na Malawi ilitoka Jumamosi iliyopita. Ameandika kwa uchungu, na mengi aliyoyasema nayaunga mkono. Ila mwishoni anatutaka tuutie moto mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, kwa hoja kwamba waliouandika hawakuwahi kuliona Ziwa Nyasa wala kuchovya mguu katika Mto Songwe. Hapo ndipo nisipokubaliana naye. Mkataba ule ndio karatasi aliyoishika Mmalawi mkononi, na ndani yake mna kifungu kinachotufaa sisi, ambacho sisi wenyewe hatukitaji. Tunasoma kifungu cha kwanza, tunapandwa na hasira, tunafunga kitabu.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu, mzaliwa wa Kyela, jirani na Katumba-Songwe, na sasa naishi Uyole hapa Mbeya. Nilianza kazi kwa kuvuta mnyororo wa kupimia na kubeba tiodolaiti, chombo cha kupimia pembe, ya bwana mpima begani, nikamaliza nikiwa mwenye kutia saini kwenye ramani. Sikusomea sheria za kimataifa. Ninachokijua ni namna mstari wa mpaka unavyotoka kwenye karatasi mpaka ukafika kwenye tope, na namna unavyopotelea njiani.

Tuanze na karatasi. Majadiliano ya mwaka ule yaliendeshwa Berlin na Sir Percy Anderson kwa upande wa Uingereza na Dk. Friedrich Krauel kwa upande wa Ujerumani, mkataba ukatiwa saini tarehe 1 Julai 1890. Waziri Mkuu wa Uingereza, Lord Salisbury, alikuwa akitoa kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini na kupata himaya juu ya Zanzibar, na humo humo katikati ya biashara hiyo ndimo sisi watu wa Nyasa tulimogawanywa.

Kwa nini Waingereza waling'ang'ania ziwa? Wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia walikuwa na meli yao, Ilala, majini tangu 1875. Kampuni ya African Lakes ilikuwa na kituo Karonga na ilikuwa imetoka kupigana na Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa aliyejenga ngome jirani na hapo. Na kutoka Karonga kwenda Ziwa Tanganyika ilipangwa barabara iliyogharimiwa na tajiri wa Glasgow aitwaye James Stevenson. Barabara yenyewe haikumalizika. Kipande cha kwanza kilitengenezwa, kilichobaki kikawa njia ya miguu kama njia nyingine zote za wapagazi. Lakini kwenye ramani ilionekana barabara, na Salisbury hakukubali iangukie upande wa Wajerumani. Ukisimama Tunduma leo katikati ya foleni ya malori ukajiuliza kwa nini Nakonde ni Zambia, sehemu ya jibu ni barabara ambayo haikujengwa.

Kifungu cha kwanza kikasema mpaka utoke baharini, ufuate Ruvuma hadi unapoungana na mto Msinje, ukate kuelekea magharibi hadi ziwani, kisha ufuate ukingo wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa mpaka ukingo wa kaskazini wa mlango wa Songwe, halafu upande na mto huo. Ukingo, Ndugu Mhariri. Maana yake mama wa Matema akiinama kuchota maji, miguu yake iko Tanzania na ndoo yake iko Malawi. Hilo ndilo linalomchoma msomaji wa Iringa, na mimi pia linanichoma.

Kabla sijaendelea, msomaji anasema vilevile kwamba babu zetu hawakuwa na mipaka hadi wazungu walipokuja. Kwa mtu wa Iringa kusema hivyo, nimeshangaa. Amuulize Msangu. Akina Merere, watawala wa Wasangu, walisukumwa kutoka Usangu na nguvu ya Wahehe, enzi za Munyigumba na mwanawe Mkwawa, wakaja kujenga ngome huku kwetu Usafwa, na hawakurudi kwao mpaka Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilipoanguka Oktoba 1894 na Wajerumani wakaona faida ya kuwarudisha. Kapteni Tom von Prince wa jeshi la Wajerumani hakuwapenda Wasangu kuliko Wahehe. Alitaka adui wa Mkwawa akae mlangoni kwa Mkwawa. Upande wa Uhehe kwenyewe akamsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, mwishoni mwa 1896, na mwaka uliofuata, hata kabla kiti hakijapata joto, Mpangile akanyongwa na hao hao waliomsimika. Kwa hiyo mipaka ilikuwepo, iliuma, ilimwaga damu, na mkoloni aliikuta akaitumia. Hilo ni somo refu la siku nyingine, na wapo wazee wa Kalenga na wa Rujewa wanaoweza kulieleza kuliko mimi.

Turudi Songwe. Si kweli kwamba hakuna aliyefika. Mwaka 1898 tume ya pamoja ilikuja na vyombo vya kupimia: Kapteni Charles Close kwa upande wa Uingereza, Kapteni Herrmann kwa upande wa Ujerumani. Wakapima nchi yote iliyo kati ya Nyasa na Tanganyika. Waliowabebea mizigo, wakawafyekea vichaka na kuwatajia majina ya vijito walikuwa watu wa huku, na nina hakika walikuwa wakicheka pembeni, maana hata mimi nikiwa na mnyororo wangu nilichekwa na wanakijiji walioniona napima kichaka kisicholimika.

Kazi ya tume hiyo ilizaa makubaliano ya tarehe 23 Februari 1901. Hapa naomba msomaji asome taratibu. Mkataba wa 1890 ulikuwa umesema kwamba mpaka ukishaachana na Songwe uende kuufuata mpaka wa bonde la mto Kongo, kama ulivyochorwa kwenye ramani ya mkutano wa Berlin. Maana yake ni mstari ambapo maji ya mvua yanagawanyika, haya yakaenda Kongo na haya yakaenda kwingine. Ofisini hilo linaeleweka. Sasa panda nyanda za Mbozi mpaka Tunduma, mahali ambapo ardhi imelala tambarare kilomita kwa kilomita, halafu umwonyeshe mkulima wa Kinyamwanga ni tuta gani la shamba lake linagawa maji ya Afrika. Makubaliano ya 1901 yakaja na jambo linaloshikika: mpaka upande Songwe hadi unapoingia kijito kinachoitwa Katendo, ukipande Katendo, kisha uende kwa alama zilizosimikwa ardhini hadi kuufikia Mto Kalambo. Yaani waliubadilisha. Walifika, wakakuta maandishi hayakai juu ya nchi, wakaandika mengine.

Nani aliwaruhusu? Kifungu cha sita cha mkataba ule ule wa 1890. Kwa maneno yangu, kinasema kwamba mistari yote iliyotajwa kuanzia kifungu cha kwanza hadi cha nne inaweza kurekebishwa kwa makubaliano ya pande mbili kufuatana na mahitaji ya mahali husika. Mistari yote. Ukingo wa ziwa umetajwa kwenye kifungu cha kwanza, kwa hiyo nao umo. Wale mabwana hawakuwa malaika, lakini walijua wanachora mahali wasipopajua, wakaacha mlango wazi. Upande wa nchi kavu mlango ule ulitumika ndani ya miaka 11. Upande wa maji hakuna aliyeugusa hadi leo hii ninapoandika.

Niseme kama mpima kwa nini upande wa maji ndio uliohitaji kuguswa kwanza. Bikoni ya zege, yaani nguzo ya alama ya mpaka, ukiisimika leo, mjukuu wako ataikuta, labda iwe imeng'olewa na mtu mwenye kesi ya shamba. Ukingo wa ziwa hauna tabia hiyo. Nyasa hupanda na kushuka kila mwaka kwa msimu, na juu ya hapo ina mizunguko mirefu inayochukua miongo. Maji ya ziwa lote lile yana tundu moja la kutokea, nalo ni Mto Shire huko kusini. Kuanzia kama mwaka 1915 hadi katikati ya miaka ya 1930 ziwa lilishuka kiasi kwamba Shire ilikoma kulitoa maji, mlango wake ukazibwa na mchanga na matete. Kisha mvua zikarudi, maji yakapanda, mchanga ukasombwa. Kufikia mwaka 1980 ziwa lilikuwa limepanda juu sana. Ukilinganisha kiwango cha chini cha wakati ule na kile cha juu cha 1980, tofauti inazidi mita 5.

Mita 5 kule chini ya milima ya Livingstone, Lupingu au Ikombe, ni kiasi cha kusogeza mtumbwi juu ya jiwe la pili. Milima imeshuka wima hadi majini, mtu hashtuki. Njoo sasa uwanda wa Kyela. Nimepima mteremko wa mashamba ya Mwaya, na nakwambia maji yakipanda kimo cha goti tu, mpunga wa watu wengi unazama. Yakipanda kimo cha mtu, ni vitongoji. Naomba mwanasheria yeyote, wa hapa au wa Lilongwe, anijibu: kama mpaka ni ukingo, shamba la mama wa Mwaya likifunikwa na ziwa limehamia Malawi? Maji yakikauka limerudi Tanzania? Mwenyekiti wa kijiji aliyemwandikia hati ya kimila amgawie ardhi ya nchi gani wakati wa masika?

Najua jibu litakalotolewa, kwamba ukingo unaohesabiwa ni ule wa mwaka 1890. Vema. Nionyeshwe ulipo. Nimetembea ufuo kutoka mlango wa Songwe mpaka Matema, kwa kazi na kwa mambo yangu binafsi, na sijakutana na alama hata moja inayosema hapa ndipo maji yaliposimama siku mkataba unatiwa saini. Isitoshe ufuo wenyewe unasogea hata kama ziwa halikupanda. Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zinamwaga udongo wa milimani kila masika. Bandari ya Itungi ilijaa mchanga hadi shughuli zikahamishiwa Kiwira. Ardhi mpya inazaliwa pale na ya zamani inaliwa. Huwezi kuweka mpaka wa nchi mbili juu ya kitu cha namna hiyo kisha ukasema umemaliza kazi.

Songwe nao una visa vyake. Kuanzia milima ya Ileje hadi unapokaribia Kasumulu umebanwa na mabonde, unafuata njia yake. Ukishafika uwandani unajipindapinda na kuhama. Wapimaji tunafundishwa kanuni moja: mto ukimega ukingo pole pole, mpaka unahama pamoja nao, ukikata ghafla pindo lake na kufungua mkondo mpya, mpaka unabaki kwenye mkondo wa zamani. Kanuni safi. Tatizo ni kwamba mafuriko ya Songwe huja usiku, mwezi wa nne, mvua ikinyesha kama imefunguliwa, na hakuna ofisa anayesimama pale na taa ya karabai kuandika kama mto umehama pole pole au ghafla.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na shamba la michikichi karibu na mto. Asubuhi moja baada ya mafuriko likawa ng'ambo. Yeye hakuhama, michikichi haikuhama, mto ndio uliohama. Kwa kanuni ya vitabuni shamba lile lilibaki Tanganyika. Kwa macho ya askari wa doria lilikuwa Nyasaland. Wazee walifanyaje? Wa huku na wa kule walikaa chini ya mwembe wakazungumza, na hawakuhitaji mkalimani, maana Mnyakyusa wa Kyela na Mngonde wa Karonga wanasikilizana tangu enzi na enzi. Wakakubaliana kwamba mchikichi una mwenyewe, na mwenyewe anajulikana. Babu akaendelea kuvuka kwa mtumbwi kwenda kukata mikungu yake, na kila msimu akapeleka mafuta ya mawese kwa mzee wa ng'ambo kama heshima. Hakuna aliyetia saini. Mpaka bibi yangu anafariki, waombolezaji wa pande zote mbili walikuja kilioni na ngoma zao bila kuulizwa pasipoti.

Sisemi haya ili tujidanganye kwamba mwembe unatosha. Sasa hivi kuna kwacha na shilingi, kuna forodha, kuna askari vijana waliotoka mikoa ya mbali ambao hawajui nani ni mjomba wa nani. Ndiyo maana nauheshimu mpango wa pamoja wa bonde la Mto Songwe ambao serikali mbili zimekuwa zikiuendesha, wa kuudhibiti mto usiendelee kuhama na kujenga mabwawa. Hiyo ndiyo kazi ya kifungu cha sita hata kama hakitajwi: pande mbili zinakaa, zinaangalia mahitaji ya mahali, zinarekebisha. Inawezekana mtoni. Kwa nini ziwani tunatunishiana misuli?

Msomaji wa Iringa anadhani Wajerumani waliridhika kukaa ufukoni wakitazama maji. Hapana. Walileta meli, Hermann von Wissmann, vipande vipande kupitia Zambezi na Shire, wakaishusha majini mwaka 1893. Walikuwa na vituo Lumbila, ambako waliita Langenburg, na Mwaya, na Manda, na Liuli waliyoiita Sphinxhafen. Meli yao ilizunguka ziwa zima kwa zaidi ya miaka 20 na Mwingereza hakuiita mvamizi. Kapteni wa meli ya Waingereza Gwendolen, aitwaye Rhoades, alikuwa rafiki wa kapteni wa meli ya Wajerumani, wakifahamiana kama watu wa kazi moja. Agosti 1914 Rhoades akapokea amri, akaenda Liuli, akaikuta meli ya mwenzake imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, akaipiga mzinga. Kapteni wa Kijerumani akaja na mashua amejaa hasira kumuuliza rafiki yake amekunywa nini. Habari za vita hazikuwa zimemfikia. Akachukuliwa mateka pale pale. Nakisimulia kisa hiki kwa sababu watu wa Liuli wanastahili kujulikana kwa hilo, na kwa sababu kinaonyesha matumizi ya ziwa yalivyokuwa kabla ya vita: kila aliyekuwa ufukoni alikuwa pia majini.

Baada ya vita, bendera ikawa moja pande zote. Tanganyika chini ya udhamini wa Waingereza, Nyasaland chini ya Waingereza. Nani angehangaika kupima katikati ya ziwa wakati Bwana DC wa Tukuyu na mwenzake wa Karonga wanapokea mshahara wa mfalme yule yule? Ndiyo maana hata ramani zao zilipingana zenyewe kwa zenyewe, nyingine zikipitisha mstari katikati ya maji, nyingine ukingoni. Lakini wakati jirani alipokuwa Mreno, Mwingereza alikumbuka kazi yake. Mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilikubaliana kuutoa mpaka wa Msumbiji na Nyasaland kwenye ukingo wa mashariki na kuupeleka katikati ya ziwa, visiwa vya Likoma na Chizumulu vikabaki vya Nyasaland. Ziwa hilo hilo. Ukingo wa mashariki huo huo, ukiendelea kusini mwa wetu. Mvuvi wa Cobué upande wa Msumbiji akapata maji, mvuvi wa Mbamba Bay akabaki na mchanga.

Hapa lazima niseme jambo ambalo redio zetu hazilisemi. Mwaka 1962, tukiwa tumeshapata uhuru, serikali yetu wenyewe ilikiri bungeni kwamba ziwa halikuwa sehemu ya Tanganyika. Malawi wanaikumbuka kauli hiyo neno kwa neno. Ilikuwa Januari 1967 ndipo Tanzania ilipoandika rasmi kwa Malawi kudai mstari wa katikati, na mwaka uliofuata Rais Banda akajibu kwa kudai hata ardhi yetu ya bara, madai ambayo hata marafiki zake hawakuyachukulia kwa uzito. Baadaye likaja suala la mafuta na gesi, ugomvi ukapamba moto mwaka 2012, wakaletwa wasuluhishi wakiongozwa na Joaquim Chissano, marais wastaafu watu wazima wenye heshima zao. Hadi leo ziwa liko pale pale na hoja ziko pale pale.

Malawi husema: mwaka 1964 pale Cairo, nchi za Afrika ziliazimia kuheshimu mipaka tuliyoikuta siku ya uhuru, kwa hiyo ukingo ndio mpaka. Wanasheria wetu hujibu kwa desturi za kimataifa na sheria za bahari. Mimi, mtu wa mnyororo, naona tunajibu swali kwa lugha ambayo mwenzetu hakuliulizia. Kama ni kurithi, turithi mkataba wote. Aliyerithi kifungu cha kwanza amerithi na cha sita. Hatuwaombi Wamalawi waachane na azimio la Cairo wala wautupe mkataba wanaoutegemea. Tunawaomba wafungue ukurasa wa pili wa karatasi hiyo hiyo, tukae tuulizane mahitaji ya mahali ni yapi.

Nitaambiwa kifungu hicho kinadai makubaliano, na Malawi inaweza kukataa. Inaweza. Lakini kukataa kukaa mezani kwa mujibu wa mkataba unaoutegemea ni vigumu kuliko kukataa hoja iliyotoka nje ya mkataba huo. Na mezani Malawi haiji mikono mitupu wala haiondoki mikono mitupu. Mimi nakaa Uyole. Naona kila siku matangi ya mafuta na malori ya Malawi yakikata kona pale njia panda kuelekea Tukuyu na Kasumulu. Wana kituo chao cha mizigo hapa hapa Mbeya. Nchi isiyo na bahari inahitaji barabara yetu, reli ya TAZARA na bandari zetu, na sisi tunahitaji maji ya kuvulia usipa na mbasa bila mtoto wetu kuitwa mwizi akivuka hatua tatu kutoka mchangani. Makubaliano ya 1954 yaliweza kutenga visiwa viwili na mipaka ya maji yake. Sioni kwa nini watu wenye elimu kuliko Wareno wa wakati ule washindwe kutenga maeneo ya uvuvi ya pamoja, au kugawana kitakachopatikana chini ya maji.

Ombi langu kwa wanaotuwakilisha ni dogo. Ujumbe utakaokwenda safari nyingine usijae mabalozi na majenerali peke yao. Mchukueni mpima kutoka kwenu, na mpima kutoka kwao, wakakubaliane kwanza kuhusu kimo cha maji, maana bila kukubaliana juu ya kimo hakuna ukingo wala katikati. Mchukueni mtu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, anayejua nyavu zinatupwa wapi mwezi gani. Mchukueni nahodha mmoja wa meli zetu za ziwani, MV Songea au MV Iringa, zilizokuwa zikitoka Itungi hadi Mbamba Bay, aeleze kwamba kwa tafsiri ya ukingo amefanya kazi maisha yake yote nje ya nchi bila kulipwa posho ya safari ya nje.

Kwako wewe, Ndugu Mhariri, naomba uchapishe kifungu cha sita kwa Kiswahili pembeni ya barua hii. Tafsiri nimeiambatisha, iliyopigwa chapa. Ni sentensi moja, haitakula nafasi.

Mpima Ardhi Mstaafu,
Uyole, Mbeya.